Msimu wa Chini Ni Kalenda ya Nani?

Neno "msimu" lenyewe lilitoka baharini. Mabaharia Waarabu waliokuja pwani yetu na majahazi walisema mawsim, yaani wakati maalumu, wakati ambao upepo fulani unajulikana utarudi. Waswahili wakalichukua likawa msimu. Wazungu nao wakalipata kwa njia zao likawa monsuni. Kwa hivyo ukimsikia meneja wa hoteli pale Diani akisema "sizoni imeisha", jua anarudia maneno ya nahodha wa karne nyingi zilizopita, ila nahodha alikuwa anaangalia upepo. Meneja anaangalia ndege kutoka Frankfurt.

Hiyo tofauti ndio nataka tuizungumzie leo, kwa sababu ina mkate wa watu ndani yake.

Muulize mtu yeyote Mombasa kwa nini mwezi wa tano ni mafuriko barabarani na ukame mfukoni. Atakwambia ni mvua. Na hadanganyi. Masika huanza kupiga mwisho wa Machi, na Mei ndio mwezi unaonyesha kuliko yote pale Mombasa. Kusi inavuma, bahari inachafuka, mwani unajaa ufuoni. Kule Malindi mto Sabaki unashuka na udongo wa bara mpaka bahari inakuwa rangi ya chai ya maziwa. Boti za kuvulia samaki wakubwa zinavutwa nje zipakwe rangi. Nani atalipa nauli ya ndege aje kuangalia hiyo?

Lakini skia. Mvua inaeleza kwa nini mtu hakuja. Haielezi kwa nini yule aliyekuja hakutoa pesa. Hayo ni maswali mawili tofauti kabisa na sisi tunayachanganya kila mwaka. Hoteli inapunguza bei ya kitanda, inapata wageni kidogo, halafu nje ya lango mama wa viazi karai, jamaa wa tuktuk, muuza madafu na mchonga vinyago wanaambiwa ngojeni Julai. Mfanyakazi wa kibarua anayetandika vitanda naye anaambiwa aende nyumbani, ataitwa. Wageni wapo. Pesa haipo. Sasa imeenda wapi?

Ili kujibu inabidi turudi nyuma, mpaka wakati hakukuwa na hoteli hata moja.

Zamani za majahazi, wageni walikuja na kaskazi, ule upepo wa kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi. Walitoka Arabuni, Ghuba na India na tende, vitambaa, mazulia, vyombo vya udongo. Kusi ikianza Aprili, wanageuza matanga wanarudi kwao. Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa mwaka wa 1331 akifuata kalenda hiyo hiyo. Vasco da Gama naye alifika Malindi Aprili 1498, akapewa rubani, na tarehe 24 mwezi huo huo akaondoka kwenda India. Ukipenda unaweza kusema huyo ndiye mgeni maarufu zaidi wa msimu wa chini katika historia ya Malindi, na alikaa siku chache tu. Mnara wake bado uko pale, watu wanapigia selfi.

Sasa mfikirie yule aliyechelewa. Biashara haijaisha, deni halijalipwa, jahazi limepasuka ubao, na kusi limeshachafuka kiasi kwamba kutoka bandarini ni kujitafutia kifo. Huyo alibaki. Alibaki miezi. Na mtu akibaki miezi lazima alale mahali, ale, afuliwe nguo, apate fundi wa kuziba jahazi, anunue kamba, makuti na mafuta. Wengine walioa kabisa, na ndio maana ukiwauliza watu wa Mji wa Kale kuhusu ukoo wao utasikia majina ya Hadhramaut na Oman. Huyo mgeni hakuwa amelipia chumba chake Muscat kabla ya kupanda jahazi. Kila alichohitaji alikitafuta mjini, mkononi mwa mtu wa mjini. Msimu mbaya wa bahari haukuwa lazima uwe msimu mbaya wa jikoni.

Shika hapo: amelipia wapi, na anafanya nini hapa. Maswali mawili. Tutayatumia mpaka mwisho.

Reli ilianza kujengwa Mombasa 1896 ikafika Kisumu 1901, na ghafla pwani ikawa mlango wa kuingilia tu. Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa Aprili 1909. Aprili, watu wangu. Masika. Mvua haikumrudisha, kwa sababu alikuwa na shughuli: alikuja kuwinda na kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian kule Washington. Msafara wake ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200. Unaweza kumchukia kwa risasi zote alizopiga, na mimi sina nia ya kumtetea, lakini kama ni swali la nini kinamfanya mgeni atumie pesa wakati hakuna mgeni mwingine, jibu liko hapo. Alikuwa na sababu ambayo haikutegemea jua.

Baadaye walowezi wa bara wakaanza kushuka Malindi na Mombasa kupumzika, na hoteli za kwanza za ufuoni zikaota miaka ya 1930 na 1940. Hao tusiwapotezee muda. Walikuwa wachache na walijuana wote. Mambo yanabadilika baada ya uhuru.

Serikali mpya ilitaka fedha za kigeni na iliona utalii ni njia ya haraka. Mwaka wa 1965 ikaanzisha shirika la kuendeleza utalii, KTDC, liingize mtaji kwenye hoteli. Mwaka wa 1975 Chuo cha Utalii kikafunguliwa Nairobi kufundisha wapishi na wahudumu. Huko Ulaya nako ndege kubwa za jeti zilikuwa zimefanya safari iwe rahisi kuliko wakati wowote, na mfanyakazi wa kawaida wa kiwanda Ujerumani, mwenye likizo ya malipo, akawa anaweza kufika Bahari Hindi. Ndipo ikaja biashara ya paketi: unalipa mara moja kwa kampuni ya kwenu, ndani yake kuna ndege, basi, kitanda na chakula. Kampuni ya Uswisi iliyoitwa African Safari Club, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960, iliendelea na mtindo huo mpaka ikawa na ndege zake na hoteli zake zenyewe. Yaani mtalii anapanda ndege ya kampuni, analala kwa kampuni, anakula kwa kampuni, anarudishwa na kampuni. Kwa upande wa biashara, ni akili sana. Kwa jamaa wa nje ya lango, fikiria mwenyewe.

Malindi ilipata hadithi yake tofauti. Waitaliano walijenga kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco kule Ngomeni, na 1967 wakarusha ya kwanza kutoka jukwaa lao baharini. 1970, siku ya Jamhuri yetu, setilaiti ya Marekani ikarushwa hapo ikapewa jina Uhuru. Wanasayansi walikuja, wengine wakaupenda mji, jamaa zao wakafuata, wakajenga nyumba, wakafungua mikahawa ya pitsa. Mpaka leo mtoto wa Malindi anaweza kukuuzia embe kwa Kiitaliano safi. Utaona baadaye kwa nini nimewataja.

Sasa hapa ndipo Mei ilipokufa, na naomba tuelewane vizuri. Paketi za Ulaya zilikuwa zinauza kitu kimoja: joto wakati kwao kuna baridi. Desemba, Januari, Februari, Machi, ndege zimejaa. Julai na Agosti watoto wao wamefunga shule, na nyumbu wako Mara, ndege zinajaa tena. Lakini Mei? Mei maua yanachanua Munich. Hispania na Ugiriki kuna jua, ni karibu, ni bei nafuu. Hata kama Mombasa ingekuwa kavu kama Wajir mwezi wa tano, Mjerumani bado angekuwa na sababu ya kubaki kwao. Ukitaka ushahidi, angalia Novemba. Kuna vuli, mvua inanyesha Mombasa, na bado watu wanaanza kuja. Kwa nini? Kwa sababu kule kwao kumeanza kuwa giza saa kumi jioni.

Kwa hivyo msimu wa chini una wazazi wawili, masika yetu na majira yao ya kuchipua. Sisi tumezoea kumlaumu mzazi mmoja.

Halafu kuna suala la bangili. Wewe umeiona, ile plastiki ya rangi mkononi mwa mgeni. Maana yake kila kitu ndani: kiamsha kinywa, chakula cha mchana, keki ya saa kumi, bia, soda, mpaka usiku. Mtindo huu ulienea pwani hasa kuanzia miaka ya 1990, na ulipendwa sana wakati hoteli zilikuwa na vitanda vitupu. Tuseme mgeni analipa bei ya chini Mei, na kwenye bei hiyo kuna bia bila hesabu. Kwani ni wazimu gani utamtoa akanunue bia nje? Ule mkahawa mdogo ng'ambo ya barabara hauwezi kushindana na kitu ambacho tayari kimelipiwa. Kila punguzo la msimu wa chini lililopitia kwenye bangili lilimleta mtu na wakati huo huo likamfunga mfuko. Hoteli iliokoa kitanda chake, sawa, ilikuwa na mishahara ya kulipa na siwezi kuwalaumu kirahisi. Lakini ukiona mtalii anatembea ufuoni na hanunui hata kikoi, si lazima awe bahili. Pesa yake ilikwisha toka mfukoni miezi miwili iliyopita, na ilibaki huko huko.

Na hata yule asiye na bangili akitoka nje Juni, anakuta nini? Duka la vinyago limefungwa. Boti ya kioo chini iko juu ya mawe. Mkahawa wa samaki umeandika "tutafungua Julai". Huwezi kutumia pesa mahali pamefungwa. Mwenye duka anafunga kwa sababu hakuna wateja, mteja hatoi pesa kwa sababu duka limefungwa, na huo mduara unazunguka kila mwaka mpaka mtu aukate.

Kuna kitu cha tatu kinachoziba mfuko, nacho ni woga. Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilishambuliwa na vurugu zikasambaa kusini mwa pwani. Waliokufa na waliofukuzwa makwao wengi walikuwa Wakenya wa kawaida, watu wa bara, si watalii. Utalii ukaanguka hata hivyo, kisha El Niño ikafuata ikaosha barabara. Novemba 2002 hoteli ya Kikambala ikalipuliwa. Mei 2003 Uingereza ikasimamisha ndege zake kuja Kenya kwa wiki kadhaa. Halafu kukaja ghasia za uchaguzi mwanzoni mwa 2008, katikati ya msimu wa juu, na utekaji nyara wa Kiwayu na Manda mwaka wa 2011.

Woga una tabia moja ambayo haizungumzwi sana. Haupunguzi tu idadi ya wanaokuja. Unabadilisha mwendo wa wale waliokuja. Mtu aliyeambiwa na ubalozi wake asitembee atakaa ndani ya ukuta. Basi la hoteli litamchukua uwanja wa ndege na kumrudisha. Hatapanda feri, hatakula pweza wa barabarani, hatapotea kwenye vichochoro vya Mji wa Kale na kutoka na kanga tatu ambazo hakupanga kununua. Woga na bangili ni ndugu.

Pigo lililotufundisha zaidi lilikuja Mei 2014. Uingereza ilitoa ilani ya kuwaonya watu wake wasiende Mombasa, na kampuni za Thomson na First Choice zikawaondoa mamia ya wateja wao katikati ya likizo, wakapakiwa kwenye ndege wakarudi. Safari za Mombasa zikafutwa hadi mwisho wa Oktoba. Angalia tarehe. Mei tayari ni mwezi mbaya. Kufuta mpaka Oktoba maana yake Julai na Agosti pia zimeenda. Mwaka huo msimu wa chini haukuwa na mwisho. Hoteli zikafungwa, wafanyakazi kwa maelfu wakatumwa nyumbani, na wengine hawakuitwa tena. Juni ikaja Mpeketoni. Hiyo ilani ililegezwa katikati ya 2015, lakini nenda uwaulize watu wa Mtwapa na Ukunda kama 2015 ilikuwa mwaka.

Ni wakati huo ndio nchi ilipomkumbuka mgeni aliyekuwa amekaa hapo muda wote. Wewe. Mimi. Mamangu na chama chake.

Wacha niseme ukweli usiopendeza. Kwa miaka mingi Mkenya alikuwa mgeni wa akiba. Bei za hoteli za ufuoni ziliandikwa kwa dola au mark. Askari wa lango alikuwa na maswali mengi kwa kijana mweusi mwenye begi la mgongoni kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Na maneno yalikuwa ni yale yale, eti Wakenya hawatumii pesa, eti wanabeba mchele wao. Manze, mtu anabeba mchele kwa sababu sahani ya wali ndani inauzwa bei ya gunia! Lakini huyo mbeba mchele anaenda soko la samaki asubuhi. Ananunua makaa, nazi, ndimu. Anapanda tuktuk mara nne kwa siku, anamlipa boda amletee barafu, anamkodi jamaa na mashua yake, anashuka na watu kumi na wawili kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba vitatu. Ukihesabu kwenye kaunta ya hoteli, huyu ni mgeni maskini. Ukihesabu barabarani, huenda ndiye tajiri wa mwezi huo. Inategemea umesimama wapi na daftari lako.

Na kalenda yake ni nyingine kabisa. Shule zetu zinafunga Aprili. Pasaka huangukia hapo hapo, Machi mwisho au Aprili. Mzungu anafunga virago, Mkenya ndio anapanga begi. Halafu kuna ile ya Juni ambayo sisi wote tunajua na hakuna anayeitangaza: mwaka wa fedha wa serikali unaisha tarehe 30 Juni, na ofisi yenye bajeti iliyobaki hugundua ghafla kwamba inahitaji semina, na semina haiwezi kufanyika mahali pengine ila Mombasa. Unaweza kucheka, na kama mlipa kodi unaweza kulia. Lakini mtu wa semina ana posho mkononi, chumba kimelipwa na ofisi, na jioni yake ni huru. Ni kinyume cha mtu wa bangili. Kitanda kimelipiwa na mwingine, na mfuko wake bado uko wazi. Nyama choma ya Juni kule Bamburi inaliwa na nani, unadhani?

Serikali ilijibu mgogoro wa 2014 kwa njia mbili, na naona moja ilikuwa na akili kuliko nyingine. Ya kwanza: kampuni ikimlipia mfanyakazi likizo ndani ya nchi, gharama hiyo ingeondolewa kwenye hesabu ya kodi kwa muda. Ya pili, kuanzia 2016: ndege za kukodi kutoka ng'ambo zikasamehewa ada za kutua Mombasa na Malindi, na wenye ndege wakaahidiwa dola 30 kwa kila abiria wanayemleta. Yaani tulimlipa mtu atuletee mtu ambaye tayari alikuwa amelipa kwao. Najua hoja yao, viti vikijaa vitanda vinajaa, na ni kweli kwa kitanda. Swali langu ni lile la mwanzo. Huyo abiria wa dola 30, amelipia wapi?

Jibu kubwa zaidi la msimu wa chini halikutoka kabisa wizara ya utalii. Lilitoka kwenye reli. Treni mpya ya Nairobi hadi Mombasa ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, katikati ya masika, mwezi ule ule ambao kila mtu anasema umekufa. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 700. Watu walijaa! Tiketi zikawa shida, watu wakawa wanapiga picha kwenye dirisha kana kwamba wanaenda mwezini. Mvua ilikuwa ile ile. Bahari ilikuwa chafu vile vile. Kilichobadilika ni kwamba kijana wa Umoja au Githurai angeweza kufika ufuoni na bado abaki na kitu mfukoni. Na kabla ya korona kuja, zaidi ya nusu ya usiku waliolala wageni kwenye hoteli za Kenya ulikuwa ni usiku wa Wakenya.

Korona ilifanya jaribio ambalo hakuna mchumi angethubutu kulifanya. Machi 2020 ndege za kimataifa zikasimama. Aprili Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungiwa. Julai mipaka ya kaunti ikafunguliwa, lakini ndege za ng'ambo zilirudi Agosti mosi. Kwa wiki kadhaa hapo katikati, mgeni pekee aliyekuwepo duniani kwa hoteli ya Diani alikuwa mtu wa nambari ya simu ya 07. Bei zikaandikwa kwa shilingi. Ghafla askari wa lango akajifunza kutabasamu.

Ndio maana nilikasirika Januari 2024 nauli ya treni ilipopandishwa, daraja la kawaida kutoka 1,000 hadi 1,500, na la kwanza kutoka 3,000 hadi 4,500. Fanya hesabu na mimi. Watu wazima wanne, kwenda na kurudi. Kwa nauli ya 2017 walilipa 5,600. Kwa nauli ya 1,000 walilipa 8,000. Sasa ni 12,000. Sisemi treni iendeshwe kwa hasara, deni lake tunalijua. Nasema ile 4,000 iliyoongezeka haikutoka hewani. Ni pesa ya mashua, ya pweza, ya madafu na ya kofia ya makuti ambayo mtu anainunua akijua hataivaa tena Nairobi. Mgeni wa msimu wa chini hupanga bajeti moja, na nauli hukatwa kwanza. Kinachobaki ndicho barabara ya Nyali inagawana.

Nikirudi kwa Waitaliano wa Malindi: wengi wao hawakuwa watu wa paketi, walikuwa na nyumba. Mtu mwenye nyumba ana mlinzi Mei, ana mtunza bustani Mei, paa linavuja Mei na fundi anaitwa Mei. Hata akiwa Milano pesa yake inafanya kazi Malindi. Ni yule mgeni wa kusi wa zamani, amebadilisha tu nguo.

Na kuna Lamu, ambako jambo hili lote linaonekana wazi kuliko mahali pengine popote. Maulidi ya Lamu, yaliyokuzwa na Habib Swaleh kwenye karne ya 19 na kushikiliwa na msikiti wa Riyadha, huleta watu kutoka pwani yote na hata nje ya nchi. Kuna mashindano ya punda, ya majahazi, ngoma, kasida, na biashara ya kofia na kanzu ambayo haihitaji mtu kueleza. Hakuna kampuni ya Ulaya iliyoyaweka kwenye kalenda. Yanafuata mwezi unaoandama, kwa hivyo kila mwaka yanasogea nyuma kama siku 11, yanapita kwenye misimu yote bila kuuliza hali ya hewa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 yaliangukia Mei na Juni, kusi likivuma, na watu walikuja. Hakuna aliyekuja kutafuta jua. Sasa hivi yako karibu na mwezi wa tisa. Kufikia katikati ya miaka ya 2030 yatakuwa yamerudi tena Mei, na kama bado kuna meneja wa hoteli pale Shela anayefunga jikoni kwa ajili ya sizoni, itabidi apige simu mapema, kwa sababu mama wa mahamri wa Langoni atakuwa ameshaagiza unga.